Bi Somoe na Habari za Huko Chini

Habari za kifo cha Bi Somoe zilinikuta karakanani, Mtwara, nikiwa nimelala chali chini ya jenereta na grisi imenifika viwikoni. Aliyepiga simu ni Mwanahawa, binti wa mdogo wake. Alisema tu, "Dada Nasta, mama mkubwa katutoka." Nikanawa kwa sabuni ya unga, nikapanda gari, Mingoyo nikabadili, na alasiri nikawa Lindi mbele ya mlango uleule wa kijani, ambao rangi yake sasa imebaki kwenye pembe na nyuma ya komeo tu. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Uani wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, na harufu ya udi ilikuwa bado imetanda nyumba nzima, kwenye mapazia na kwenye nywele za watu. Nikapita kwa kila mmoja nikitoa mkono. Pole, pole sana, poleni jamani. Na kila mmoja akanijibu nimeshapoa, tumeshapoa, poa na wewe. Nilipokaa ndipo nikagundua jinsi neno lile lilivyokuwa likizunguka uani bila kizuizi, kama sahani ya tende, wakati mimi niliishi ndani ya nyumba hiyohiyo mwaka mzima na humo hakuna aliyeruhusiwa kulitamka. Mwaka huo ndio ninaotaka kuusimulia. Ndio mwaka niliojifunza kuendesha roboti chini ya bahari, na wanaonijua hudhani hilo ndilo kubwa lililonipata.

Wakati ule meli za kutafuta gesi zilikuwa nje ya pwani yetu, mbali kiasi kwamba aliyesimama ufukweni Lindi hakuona hata taa zake. Kampuni moja ya kigeni, ambayo haina haja ya kutajwa hapa, ilikodi ghala la zamani la mkonge karibu na bandari, ikachimba humo bwawa refu la saruji na kutangaza kwamba inatafuta vijana wa kufundisha. Nilikuwa na cheti cha ufundi umeme na kiburi cha kutosha. Kwenye usaili waliniuliza kama najua kuogelea nikasema sijui, mimi ni mtu wa Newala, kwetu maji yalikuwa yakipandishwa mlima kwa kichwa, nani akayachezee? Wakacheka wakasema si kitu, rubani wa roboti haguswi na maji. Ghala lilikuwa bado linanuka katani, na mvua ikinyesha bati lilitupigia kelele mpaka mwalimu akalazimika kuandika ubaoni. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mfilipino mfupi aitwaye Andres, mtu wa kula wali asubuhi, mchana na jioni, ambaye kwa sababu hiyo tulimhesabu ndugu mara moja. Alitufundisha kwa kutuamuru tuokote boliti kutoka sakafu ya bwawa kwa mkono wa chuma, tukiwa tumeyapa maji mgongo na kutazama skrini tu. Ukiivuta fimbo ya usukani kwa papara, boliti inaruka. Ukiivuta kwa woga, kidole cha chuma kinatetemeka na boliti inakucheka. Niliota boliti zile mwezi mzima.

Chumba nilipanga kwa Bi Somoe kwa sababu kilikuwa karibu na ghala, na kwa sababu siku niliyokwenda kukitazama alinikaribisha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi mwitu vya kusini, kabla hajaniuliza jina. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene wa mashavu, mwenye sauti ya kutosha nyumba tatu. Nilimwamkia "Shikamoo," akaitika "Marahaba, mwanangu," huku akinichunguza kucha. "Hizi kucha za fundi baiskeli. Utapata mume wapi?" Yeye kucha zake zilikuwa na hina mbichi, hina ya maua mpaka kwenye vifundo vya miguu. Masikioni alivaa vipuli vya dhahabu, machoni wanja, na kila Alhamisi jioni alipalia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akapitisha kanga zake juu ya moshi moja moja, akajifukiza na nywele. Nikajua basi mumewe atakuja kesho. Hakuja kesho wala keshokutwa. Wiki ya pili nikamuuliza mwanamke wa jirani tukiwa bombani, naye akanitazama kana kwamba nimetoka usingizini. Selemani, mume wa Bi Somoe, alitoka peke yake na boti ya injini kwenda kuinua nyavu zake, miaka kadhaa nyuma. Injini ilizima, watu wa boti nyingine walimwona kwa mbali akipunga shati, wakati wanageuza maji yakawa yameshamchukua. Walitafuta mpaka mafuta yakawaishia. Hawakupata mtu, boti wala kasia. Nilirudi nyumbani na ndoo yangu, nikamkuta Bi Somoe anakuna nazi, na kwa adabu niliyofundishwa nikasema, "Bi Somoe, pole, nimesikia leo." Alisimamisha mkono juu ya mbuzi. "Pole ya nini?" akauliza. Nikababaika. "Ya baba," nikasema. "Baba kafanya nini? Mimi nimefiwa? Nani kaniletea maiti?" Kisha akaendelea kukuna, na mimi nikabaki nimesimama na ndoo kichwani kama kinyago cha kwetu. Baadaye nikasikia kwamba mtaa mzima ulikuwa umeshapitia hapo nilipopitia. Aliyetamka pole alifukuzwa na chai yake haijaisha.

Ukuta wa chumba changu haukufika darini, kama zilivyo nyumba nyingi za pale, kwa hiyo maneno ya sebuleni yote yalikuwa yangu pia. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja Shemeji Omari, kaka yake Selemani, mtu mpole mwenye kikohozi, akanywa kahawa na kurudia jambo lilelile kwa maneno mapya. Ndivyo nilivyokuja kulielewa jambo lenyewe, mimi Mkristo nisiyejua mwanzo wake. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda: hutulia ndani miezi yake, hajipambi, hajifukizi, anavaa nguo isiyo na mvuto, mpaka muda utimie ndipo atoke. Lakini huwezi kukaa eda ya mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa. Kwa hiyo walikuwa wamesubiri, wakaenda kwa kadhi, na kadhi baada ya kuridhika akasema Selemani ahesabiwe marehemu, mkewe akae eda, watu wamsomee hitima ya kumwombea. Aliyekuwa amebaki kukubali ni Bi Somoe. "Kadhi ameshasema, shemeji," nilimsikia Omari akisema kwa upole. "Kadhi amesema," Bi Somoe akajibu, "mimi sijasema." "Watu wanakusema. Mjane na hina." "Wanamsema mjane, wala si mimi. Mume wangu yuko safarini, nijipambe nisijipambe?" Omari akakohoa. Akasema yeye ni ndugu wa tumbo moja na Selemani, naye pia angependa kumsomea ndugu yake hitima kabla hajafa yeye, na kwamba hawezi kuisoma huku mke wa marehemu anafukiza nguo chumba cha pili. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sinia. "Omari," akasema mwishoni, bila kumwita shemeji, "niambie tu yuko wapi. Nikijua alipo nitakaa hiyo eda hata leo. Siwezi kumwacha mtu mahali nisipopajua." Omari aliondoka bila kumaliza ming'oko, nami nikajifanya nimelala kwa kukoroma, jambo ambalo Bi Somoe alinitania kwalo mpaka mwaka ukaisha.

Mara yangu ya kwanza kushuka, yaani kuishusha mashine mimi nikiwa juu, nilipelekwa kwa helikopta. Melini chumba cha rubani ni kontena la chuma lisilo na dirisha, lenye baridi ya kiyoyozi mpaka tulivaa makoti, na viti viwili mbele ya skrini nyingi. Mashine yenyewe, tuliyoiita Ngadu, yaani kaa, kwa ajili ya mikono yake miwili, ilikuwa na ukubwa wa gari dogo, njano juu, nyeusi chini, imejaa taa na kamera na feni za kuisukuma. Ilishushwa ndani ya kizimba kwa kebo nene, na kebo hiyohiyo ndiyo iliyopeleka umeme na kurudisha picha. Kwanza skrini ilikuwa buluu, halafu buluu ikazama, halafu ikawa nyeusi, na baada ya hapo kwa muda mrefu hapakuwa na chochote ila vitu vidogo vyeupe vikidondoka mbele ya taa, vingi, polepole, kama machicha ya nazi uliyoyakung'uta juu ya beseni la maji. Kazi tuliyoifuata ilikuwa kukagua kisima kilichokuwa kimekwisha kuchimbwa na kuzibwa: kusugua vali zake zilizoota uchafu, kutazama kama panatoka mapovu, kukaza kifuniko, na kusoma kile kidude cha mviringo chenye povu la hewa kinachoonyesha kama kisima kimesimama wima, mfano wa pima maji ya fundi mwashi. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Nikaona uwanda wa tope la kijivu lililotulia, lenye nyayo nyembamba za wadudu waliopita, na katikati yake chuma chetu kimesimama, na juu ya chuma kuna kamba mwekundu anajisafisha masharubu. Moyo wangu ulifurahi mno. Nilimwambia Andres, "Kumbe kuna wenyewe." Akasema, "Daima kuna wenyewe. Sisi ndio wageni, soma kipimo."

Niliporudi nchi kavu Bi Somoe hakuniuliza mshahara wala chakula cha Wazungu, maswali ya kila mtu mwingine. Alingoja nile, wali wa nazi na mbaazi na kipande cha nguru, akakunja miguu kwenye mkeka na kuuliza, "Haya. Huko chini kulikuwaje?" Nikasema kuna giza. "Giza la namna gani? La usiku au la ndani ya pipa?" Nikasema la ndani ya pipa. Kuna baridi? Kama ya friji. Maji yanakwenda kwa kasi? Kidogo sana, ukitimua tope hukaa muda mrefu kabla halijaondoka. Wale samaki wana macho? Wengine wanayo, wengine sijui. "Hujui nawe ulikuwepo?" Aliuliza jinsi mtu anavyochambua mchele, hakuruka punje. Nilimweleza yale machicha meupe, akanikamata mkono. "Yanatoka wapi?" Nikasema sijui. "Kamuulize huyo Mfilipino." Basi ikawa ndiyo kazi yangu ya pili mwaka ule. Melini nilibeba maswali ya Bi Somoe, na nchi kavu nilibeba majibu ya Andres, na katikati nikaanza kutazama vitu ambavyo fundi hatumwi kuvitazama. Andres alizoea. Kila tukianza zamu huuliza, "Leo mama wa Lindi anataka kujua nini?" Kuhusu machicha alisema ni mabaki ya vilivyo hai huko juu: samaki waliokufa, mavi yao, magamba, kila kitu kilichovunjikavunjika, kinashuka majuma na majuma, na walio chini wanakula hicho, hawana shamba lingine. Nilimpelekea Bi Somoe jibu hilo kama lilivyo, nikaogopa mavi yatamchukiza. "Kwa hiyo wanalishwa kutoka kwetu," akasema, akaondoa sahani. Sikumwambia mtu, lakini nilijua anachokitafuta kwenye maswali yake. Wala hakunificha. Siku moja alinionyesha dumu la njano la mafuta ya kula nyuma ya choo, boya la nyavu za mumewe, lenye mkanda wa rangi ya kijani. "Maboya yake yote aliyapiga rangi hii, iliyobaki alipopaka mlango," akasema. "Ukiona." Hakumaliza, na mimi sikumwambia kwamba bahari ile ni pana kuliko mkoa.

Niliona. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza kusugua vali na tunangoja amri kutoka juu, Ngadu imeegeshwa karibu na kisima, taa zinaangaza uwanda. Andres alikuwa anamenya chungwa. Pembeni kabisa ya mwanga nikaona kitu cha njano, kimesimama hewani, kama naweza kuita yale maji hewa, juu kidogo ya tope. Nikasogeza. Lilikuwa dumu. Kamba ilitoka kwenye mpini wake ikashuka hadi kwenye fungu la wavu wenye vizito vya risasi lililojikita kwenye tope, na kwa kuwa plastiki hupenda kupanda, dumu lilikuwa limejivuta juu kadiri kamba ilivyoruhusu, likawa linayumba taratibu pale peke yake. Uzito wa maji ulikuwa umelibana mpaka likawa bapa kama andazi lililokaliwa. "Takataka," Andres akasema. "Tumeona mifuko, tumeona viatu, hata friji." Nikamwambia kwetu dumu hilo si takataka, ni mali ya mtu, na mwenyewe huliwekea alama, na ninaomba dakika chache niione alama. Kama ningekuwa mtu wa kutoka mahali pengine ningepita. Sidhani kuna rubani mwingine duniani ambaye angeomba ruhusa kukagua dumu. Andres alinitazama, akajua ni la nani swali lile, akasema, "Tazama, lakini usiliguse." Nikalizunguka. Upande wa kwanza ulikuwa mtupu, una utelezi wa kahawia. Nikazidi kuzunguka, na hapo papara ya siku za boliti ikanirudia, nikaisukuma Ngadu chini kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, feni zikapiga tope. Skrini zote zikawa maziwa. Tukakaa. Tope la huko haliondoki kwa sababu hakuna wa kuliondoa. Nilikaa na mikono mapajani nikitazama weupe, na sauti kutoka juu ikauliza kuna nini, Andres akajibu tunasubiri maji yatulie. Yalipotulia dumu lilikuwa bado lipo, likiyumba vilevile, na kamba wadogo wawili walikuwa wamesimama juu ya mpini wake. Upande wa pili nikauona vizuri. Ulikuwa umekunjwa wote kwa ndani. Kama kulikuwa na mkanda wa kijani, ulikuwa ndani ya mkunjo ule, na mkunjo ule hauwezi kufunguliwa na mkono wa chuma bila kulichana dumu. Niliweka vidole kwenye usukani wa mkono. Andres akasema taratibu, "Anastazia. Tunaitwa kwenye kisima." Nikaviondoa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na dhambi ndogo tamu kichwani. Ningeweza kusema nimeona kijani. Neno moja tu, Bi Somoe angepata mahali pake, Omari angesoma hitima yake, mtaa ungefunga mdomo, na hakuna kiumbe ambaye angeweza kwenda kunisuta. Nilijaribu kulisema kwa sauti ndogo ndani ya basi, "Nimeona kijani," nikaona linatoka vizuri tu. Lakini nilipofika alikuwa amepika ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza, chakula alichojua nakipenda, akakunja miguu kama kawaida na kuuliza huko chini kulikuwaje, na mtu aliyekuwa ameniuliza vizuri namna hiyo mwaka mzima sikuweza kumpa jibu bovu. Nikamweleza yote kwa mpangilio wake. Dumu, kamba, wavu, tope, mkunjo. "Alama sikuiona, Bi Somoe. Inawezekana ipo, inawezekana haipo. Sijui." Hakulia. Alinawa mkono polepole kama aliyemaliza kula, na hakuwa amekula. Kisha akaanza. "Lilikuwa linacheza?" Kidogo sana. "Limesimama au limelala?" Limesimama, limefungwa chini. "Mmeliacha hukohuko?" Tumeliacha. "Hao kamba walikuwa wanalila?" Nikasema hapana, plastiki hailiki, walikuwa wamekaa tu. "Na kisicho plastiki?" Hilo ndilo swali nililokuwa nimeliogopa tangu mwezi wa kwanza. Nilitamani niwe nyuma ya ukuta wangu ule mfupi. Nikasema, "Kisicho plastiki kinaliwa, Bi Somoe. Kwanza wakubwa, halafu wadogo, halafu wadogo zaidi." "Hawabakizi?" "Hawabakizi. Mbao, nyama, mfupa. Baada ya miaka panakuwa tope tupu kama pengine pote." Akatazama mlango. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaimba hesabu za shuleni. "Unajua mimi nilikuwa nadhani nini?" akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilitosha mtu mmoja tu. "Nilidhani yupo pale. Kalala mahali, mzima mzima, anasubiri mtu aende kumtoa. Kila nikilala nasema, yule yuko baridini, mimi nimejifunika. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza baridi." Nikasema hakuna anayesubiri. "Hakuna anayesubiri," akarudia, akijaribu kama neno lile litakaa mdomoni. Halafu akanisukumia bakuli. "Kula, pweza akipoa anakuwa mpira."

Jumapili niliondoka tena. Zamu ile sikuwa na swali la mama wa Lindi la kumpa Andres, maana hakuniagiza, na hilo lilinitia hofu kuliko nilivyotaka kukubali. Nilifanya kazi yangu, nikabadili pete ya kuzuia uvujaji kwenye vali moja kwa mkono wa chuma bila kuangusha hata boliti, Andres akapiga makofi na kuniambia sasa mimi ni rubani. Nilitazama nikaona sina mtu wa kumwambia mpaka nifike Lindi. Nilifika siku ya Alhamisi, jua likiwa bado juu ya mapaa. Nilipoingia kwenye uchochoro wetu nikapunguza mwendo bila kujua kwa nini, halafu nikajua. Alhamisi zote uchochoro ule ulinukia udi tangu kwenye duka la kona. Leo palinukia moshi wa kuni na samaki wa kukaanga wa watu wengine. Nikasukuma mlango wa kijani. Nyumba haikunukia kitu. Chetezo kilikuwa kimefagiwa majivu na kuwekwa juu ya kabati langu, pamoja na chupa zake za mafuta na kijaluba cha wanja vimefungwa kwenye leso, ili visikae chumbani mwake. Yeye alikuwa ndani kwake, kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe ya kawaida iliyofuliwa mara nyingi. Hina ilikuwa imeanza kufifia vidoleni. Masikioni hakukuwa na vipuli, palibaki yale matundu, madogo, nisiyowahi kuyaona. Shemeji Omari alikuwa amesoma hitima jana yake, sinia lililobaki la wali lilikuwa limefunikwa kwa ajili yangu.

Nilivua viatu. Nilimwamkia, akaitika. Nikakaa mbali kidogo, kisha karibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali la baharini na sikuwa nimejiandaa kwa neno lile lililokatazwa. Yeye akanitazama na kungoja, kama anavyomngoja mtoto aliyesahau alichotumwa, na nikaona kwamba hili pia ameniwekea, kama ule wali.

"Pole, Bi Somoe," nikasema.

"Nimeshapoa, mwanangu," akasema. Akavuta kanga mabegani, akanisogezea mto niegemee. "Haya. Na wale kamba, umewakuta?"